Mashine ya Mwaka Ujao

Tarehe 3 Machi

Bisibisi mwanangu,

Umepiga simu mara nne wiki hii na mara zote nne sikupokea, basi usinune. Nilishakwambia simu ni ya watu wenye haraka. Mimi nataka karatasi niisome nikiwa nimekaa, na nikifika mwisho nirudi mwanzo. Wewe tangu ulipokuwa ukifungua redio za baba yako kwa bisibisi ulikuwa na maneno ya kujaza daftari. Yaandike.

Habari ya maana ni hii. Mapokezini kwenye jengo letu kuna mtu ameacha jarida lenye kurasa tatu nzima za kubahatisha mashine ya kufyonza vumbi ambayo kiwanda chenu kitaitoa mwaka ujao. Nimelichukua. (Nitalirudisha.) Mwandishi mmoja anasema itakuwa bapa kama sinia, itembee yenyewe na kurudi kwenye chaji ikichoka. Mwingine anasema itapanda ngazi. Wa tatu, ambaye nadhani hajawahi kushika hata ufagio, anasema itaelea hewani. Sasa vumbi litaifuata huko juu au vipi?

Mimi nimeongoza wasafishaji wa ghorofa saba kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo na mimi nina haki ya kutabiri. Natabiri waya utaondoka kabisa, maana waya ndio umeniangusha mara mbili mbele ya wageni. Natabiri mfuko wa vumbi utajimwaga wenyewe. Na kama mna akili huko kiwandani, mtatengeneza mashine inayomweza mwanasheria wa ghorofa ya nne. Mwaka wa sita huu nasafisha kuzunguka viatu vyake. Hanyanyui miguu hata moto uwake.

Halafu kuna jambo la mwenzangu mmoja hapa kazini, jina tuliache. Tangu mwaka jana ameunguza mashine mbili. Bomba linaziba, yeye hana habari, anaendelea kusukuma, mota inakufa. Meneja ametukusanya wote akasema ya tatu ikiungua, aliyeishika asirudi kazini. Mwenzangu anafanya kazi roho juu. Wewe unayezijua hizi mashine tumboni, hebu niambie: ya mwaka ujao itakuwa na njia gani ya kumwonya mtu? Itakuwa na taa?

Msalimie mwenye chumba chako. Kula vizuri.

Shangazi yako

* * *

Tarehe 15 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma kantini na wenzangu wakadhani nimepata mchumba, jinsi nilivyokuwa nikicheka peke yangu.

Kuhusu mwaka ujao, mdomo wangu umefungwa. Nimetia sahihi karatasi ya kurasa tisa kwamba sitatoa siri ya toleo jipya hata usingizini. Kwa hiyo ya sinia sijasema ndiyo wala hapana, ya ngazi vilevile. Ya kuelea hewani nilimsomea mkuu wa chumba chetu, akacheka mpaka akavua miwani.

Ungekiona chumba chetu cha majaribio ungetusikitikia. Kuna mkono wa chuma unaosukuma mashine mbele na nyuma juu ya kipande cha zulia, mara elfu hamsini, na mimi nimekaa pembeni na daftari nikiuangalia. Vumbi letu linaletwa kwenye mifuko, limechekechwa, jeupe, halina unywele hata mmoja. Mtu akipiga chafya wanamtazama kama mhalifu, kwa sababu amepeperusha kipimo.

Sasa huyo mwenzako. Shangazi, mashine mnayotumia niliijaribu mimi mwenyewe. Bomba likiziba inalia tiii-tiii-tiii, na mlio wake unapita milango miwili iliyofungwa. Siku tuliyoipima, mlinzi wa getini alikuja kuuliza kuna nini. Mwambie huyo mwenzako aoshe masikio! Na kama si masikio basi ni uvivu, na uvivu hauna vipuri.

Kuna kazi nimepewa kwenye toleo jipya, ndogo lakini yangu mwenyewe, na inakuhusu wewe kuliko unavyodhani. Siruhusiwi kusema zaidi. Utafurahi mpaka uninunulie viatu.

Mwanao,
Bisibisi

* * *

Tarehe 2 Aprili

Bisibisi,

Marahaba. Salamu zako za kuosha masikio nimemfikishia mwenzangu. Hakucheka. Ni mtu mzima mwenye heshima yake, na si mvivu.

Mvua imeanza, watu wanaingia na matope. Kazi ni nyingi.

Hukunijibu kuhusu taa.

Shangazi

* * *

Tarehe 14 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Barua ya mistari mitano! Nimeigeuza nyuma kutafuta mengine, nikaishikilia dirishani. Umekasirika kwa sababu sikuja likizo, najua. Nilipangiwa zamu, na mkuu wangu akiona mtu anaomba ruhusa anakuwa kiziwi ghafla. Nisamehe. Nitakuja mwezi wa nane.

Kuhusu taa, ninachoweza kusema ni kile ambacho hata mwenye duka angekwambia: taa ni mambo ya zamani. Wakubwa wanasema taa zinachafua sura ya mashine. Ikiwa umebashiri taa, badilisha utabiri wako ungali na nafasi.

Nina swali la pembeni. Yule mwanasheria wa ghorofa ya nne, unamwambia nini hasa? Na mtu akipita na viatu vya matope ulipokwisha kusafisha? Niandikie maneno yenyewe kama yanavyotoka. Ni kwa mambo yangu tu, usiulize.

Bisibisi wako

* * *

Tarehe 29 Aprili

Bisibisi mwanangu,

Haya, nimekusamehe, ingawa hujui kosa lako.

Mwanasheria namwambia, "Nyanyua miguu, bwana mkubwa, zulia halijakushtaki." Anacheka, halafu hanyanyui. Wa matope namwambia, "Karibu, umetuletea shamba." Mtu akinisogezea kiti bila kuombwa namwambia, "Ubarikiwe wewe na kizazi chako." Na mashine ikijaa, kabla ya kwenda kumwaga, mimi huwa nawaambia wenzangu, "Ameshiba, tumpeleke nje." Sijui unataka kuyafanyia nini maneno ya kizee, lakini ndiyo hayo.

Utabiri wangu mpya, kwa kuwa umenikatisha tamaa ya taa: natabiri itakuwa nyepesi, mtu aibebe kwa mkono mmoja na kikombe cha chai kwa mwingine. Natabiri rangi itakuwa mbaya. Rangi zenu huwa mbaya kila mwaka, sijui nani anawachagulia.

Sasa la kuniumiza. Mashine ya tatu imeungua juzi. Ni mwenzangu yuleyule, kwenye ukumbi wa mikutano. Moshi ulijaa mpaka wakafungua madirisha yote. Meneja ni mtu wa haki kwa kiasi chake, hakumfukuza papo hapo. Ameirudisha mashine kiwandani ili mafundi waseme kosa ni la mashine au la mtu. Kama ni la mashine, mwenzangu amepona. Kama ni la mtu, basi.

Mwenzangu halali vizuri. Kazi hii ndiyo yake, hana nyingine, na hataki nyingine. Anapenda hata ile harufu ya jengo asubuhi kabla watu hawajaingia. Nimekwambia tu.

Shangazi yako

* * *

Tarehe 12 Mei

Shikamoo Shangazi!

Kaa kitini kwanza. Mashine ya jengo lenu imekuja kwenye meza yangu! Mafundi tuko sita na imeniangukia mimi. Niliona anwani kwenye kibandiko nikapiga kelele, nikaikumbatia na masizi yake, koti langu jeupe sasa lina kifua cheusi.

Nimeifungua. Ndani ya bomba kulikuwa na tai. Tai nzima ya shingoni, ya bluu, imejikunja kama nyoka aliyeshiba. Halafu nikaisoma ile kumbukumbu iliyo ndani ya mashine, maana zinaandika zenyewe kila kilichotokea. Bomba liliziba, mashine ikaanza kulia hapohapo kama inavyotakiwa, ikalia dakika kumi na moja mfululizo, ndipo mota ikaungua. Dakika kumi na moja, Shangazi! Mtu anaweza kuoga.

Kwa hiyo nimeandika ripoti kama ilivyo. Mlio ulifanya kazi. Mtumiaji aliupuuza. Kosa si la mashine. Imeshatumwa kwa meneja wenu. Pole kwa mwenzako, najua unamhurumia, lakini ningeandika vingine ningekuwa nadanganya, na wewe ndiye uliyenichapa nilipodanganya kuhusu redio ya baba.

Sasa furaha. Jana kiwanda kimetangaza toleo jipya, kwa hiyo kufuli imetoka mdomoni. Utabiri wako wa waya umepata, haina waya. Wa uzito umepata nusu. Rangi ni ya machungwa yaliyooza, hapo umepata kabisa. Lakini kikubwa hakuna aliyebashiri, si jarida wala wewe: ITAONGEA! Haitalia tiii-tiii tena. Itasema kwa sauti ya mtu. Na kazi yangu ndogo niliyokuficha ndiyo hiyo, kuchagua maneno. Ikijaa inasema, "Nimeshiba, nipeleke nje." Ikigonga mguu wa mtu, "Nyanyua miguu, bwana mkubwa." Ni maneno yako, Shangazi! Wakubwa walicheka mpaka wakapiga meza. Dunia nzima itasemeshwa na wewe.

Baada ya hapo hakuna atakayeweza kusema hakusikia.

Bisibisi wako mwenye fahari

* * *

Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Barua hii nimeichana mara mbili. Hii ya tatu nitaipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Mwenzangu ni mimi.

Sikio la kushoto lilikwenda miaka minne iliyopita, taratibu, kama maji yanavyoondoka kwenye beseni lenye tundu. La kulia linalifuata. Sauti nzito nazipata bado, mlango ukibamizwa naupata. Lakini zile nyembamba, za ndege, za simu, za mashine yenu, hakuna. Sikatai kupokea simu zako kwa maringo. Nakuona umepiga, naishika, naiacha, maana nikipokea nakusikia kama mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. Nikaona heri nikudai barua.

Nimekuwa mjanja sana, utashangaa. Nasoma midomo. Natania wa kwanza ili wengine wacheke na wasinisemeshe. Nimejipangia kazi za asubuhi mapema, jengo likiwa tupu. Na mashine naijua kwa jicho: nikiona zulia linabadilika rangi najua inavuta. Lakini ule ukumbi wa mikutano una zulia jipya, halina vumbi la kuonekana, kwa hiyo jicho halikuniambia kitu. Mwanasheria alivua tai yake kwenye mkutano akaisahau chini ya kiti. Nilikuwa naimba. Nadhani nilikuwa naimba vizuri. Msichana wa mapokezi akaingia mbio ameziba masikio kwa viganja, na nilipomwona ameziba masikio ndipo nilipojua kuna kelele.

Dakika kumi na moja ulizoandika nimezifikiria sana. Nilikuwa na furaha dakika zote hizo.

Ripoti yako imefika. Meneja ameibandika kwenye faili na amepanga kikao tarehe 10 Juni, watu wote wa usafi wawepo. Ametumia neno "aliupuuza" kwenye barua yangu ya wito. Miaka ishirini na sita, na neno nitakaloondoka nalo ni hilo. Hilo ndilo limeniliza, siyo kazi peke yake.

Sikulaumu. Uliandika ulichokiona. Na hayo maneno yangu ndani ya mashine, nimefurahi, walahi nimefurahi. Nimecheka na kulia pamoja. Mashine itasema kama mimi na mimi sitaisikia.

Usimwambie baba yako. Atakuja na gari anichukue kama mzigo.

Shangazi yako

* * *

Tarehe 24 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. "Aoshe masikio." Niliandika mimi, kwa mkono wangu, na nikaona nimechekesha. Nimelia mezani kwangu mbele ya watu na mkuu akadhani nimejikata.

Baada ya kulia nilichukua pamba nikaziba masikio, nikavaa na vile vikinga kelele vya wanaokata chuma, nikawasha mashine ya aina ileile, nikasokomeza tambara ndani ya bomba. Nikaanza kusukuma. Shangazi, haisemi kitu! Mpini umetulia, hakuna kinachobadilika, unasukuma tu kama mtu mwenye akili zake. Nimeunguza mota ya kiwanda. Mkuu alikuja anapiga mikono hewani, anafungua na kufunga mdomo, sikusikia hata neno moja, na nilipotoa pamba bado alikuwa hajamaliza.

Nikamwonyesha fomu yetu ya majaribio. Swali la mlio ni moja tu: "Je, unasikika kutoka mita kumi?" Tumejibu ndiyo, miaka yote. Unajua kwa nini? Kwa sababu sisi sote wa chumba hiki tunapimwa masikio kabla ya kuajiriwa. Asiyesikia vizuri haingii humu. Ndipo tukakaa humu ndani, watu wenye masikio ya popo, tukasema dunia nzima inasikia. Mkuu akavua miwani, na safari hii hakuwa anacheka.

Sasa ripoti. Mashine iliandika kwamba ililia. Haikuandika kwamba ilipuuzwa. Mashine haijui hilo, neno hilo nililitia mimi, kwa kiburi changu. Nimeandika ripoti nyingine: "Mlio ulilia. Mtumiaji hakuusikia. Mashine haina njia nyingine ya kumjulisha, na hilo ni kosa la walioitengeneza." Mkuu amekubali kutia sahihi pamoja nami.

Lakini iko mezani, sijaituma. Nikiituma, siri yako inatoka na kila mtu kazini ataijua. Nisipoituma, unaondoka na lile neno. Sitaki kukuamulia mara ya pili. Niambie nifanye nini, na niambie haraka.

Bisibisi

* * *

Tarehe 1 Juni

Itume.

Lakini ifike siku ya kikao, isitangulie. Nataka kusema mwenyewe kabla karatasi haijasema.

Shangazi

* * *

Tarehe 28 Juni

Shikamoo Shangazi,

Kikao kilikuwa tarehe kumi. Leo ni tarehe ishirini na nane. Kila mtu wa posta akipita nje ya kiwanda nasimama kama askari. Nimepiga simu mapokezini kwenu mara mbili, msichana akaniambia, "Shangazi yako amesema ataandika," akakata. Umemfundisha wewe huyo!

Ngoja nikwambie ya huku wakati nangoja. Nilipeleka ombi kwamba toleo jipya litetemeshe mpini bomba likiziba, mtu asikie kwa mkono. Mchoraji mkuu, huyu anayechagua rangi, akasema haiwezekani, muda umekwisha, na watu wenye shida hiyo ni wachache. Nikasimama kantini saa ya chakula, mimi ambaye naogopa hata kuomba chumvi, nikasema kila mtu akirudi nyumbani aulize kama kuna mtu kwao asiyesikia mlio wa mashine zetu. Kesho yake walikuja mmoja mmoja mezani kwangu. Dereva ana mama mkwe. Mtunza stoo ana baba na kaka. Mpishi akasema ni yeye. Wa mwisho alikuwa mchoraji mkuu, akasimama pale akishikashika kalamu, akasema ni mama yake, na kwamba hakuwahi kumuuliza mpaka jana.

Mpini utatetemeka. Na wamekubali taa pia, ndogo, kando ya kidole gumba. Uzinduzi umesogezwa miezi miwili na mkurugenzi hanisalimii, lakini utatetemeka. Mashine ya kwanza ya majaribio imetoka jana, nimeifunga mwenyewe, inakuja kwako. Si zawadi. Ina fomu ya kurasa nne, na utaijaza.

Kama ulifukuzwa niambie. Nitakuja kesho yake, na sitamleta baba.

Bisibisi

* * *

Tarehe 9 Julai

Bisibisi mwanangu,

Marahaba, na acha kumsumbua yule msichana, ana kazi zake. Nilikuwa nasubiri mpaka niwe na habari nzima, sikupenda kukupa vipande.

Siku ya kikao nilivaa sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Tulikaa kwenye ukumbi uleule, na harufu ya moshi bado ipo kwenye mapazia. Meneja akaanza kusoma. Nikainua mkono nikasema, "Bwana meneja, punguza mwendo, midomo yako inakimbia na mimi nakusoma." Akanitazama. Basi nikasema. Nikasema yote, ya sikio la kushoto, la kulia, simu, kuimba. Nilipomaliza palikuwa kimya, au nadhani palikuwa kimya, maana midomo yote ilikuwa imefungwa.

Wa kwanza kufungua alikuwa msichana wa mapokezi. Akasema, "Kumbe! Mwaka mzima nakuamkia kwa nyuma huitiki, nikajua una maringo." Basi wakaanza wote. Huyu alinipa pole ya msiba sikujibu. Yule aliniuliza saa nikamwambia dawa iko kabatini. Tulicheka mpaka meneja akagonga meza, halafu na yeye akacheka. Ndipo akafungua bahasha yenu, akaisoma mara mbili, akachukua faili langu, akatoa ile karatasi yenye neno "aliupuuza" akaikunja akaitia mfukoni mwake. Akasema sheria ile aliiweka kwa ajili ya wazembe. Nimebaki kazini. Amenipa siku mbili za kwenda kupimwa, nimekwenda, daktari ameniandikia kifaa cha sikio la kulia. La kushoto amesema tuliache lipumzike.

Mashine imefika. Rangi ni mbaya kuliko nilivyoogopa. Jana nilisokomeza tambara makusudi, wenzangu wamenizunguka kama watu wanaotazama mechi, nikasukuma. Ikanitetemekea mkononi! Nikaruka, nikaitupa, wakaniokotea. Nimerudia mara tisa. Wanasema inapotetemeka inaongea pia, na kwamba inagomba kama mimi kabisa. Mfanyakazi wa ghorofa ya pili ameanza kuiitikia "Ndiyo, Shangazi." Fomu yako nitaijaza Jumapili, swali la saba limeandikwa vibaya.

Lakini hili ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Mchana huu, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, mfuta vioo alinifuata stoo. Unamkumbuka, nilikwambia zamani, mzee mpole, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alifunga mlango. Akasimama mahali penye mwanga ili niuone mdomo wake vizuri, hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akasema ni mwaka wa tatu haoni sawasawa. Ukungu. Anafuta vioo kwa kuhesabu: mikono sita chini, minne pembeni, anahama. Hajui kama vimetakata. Kila jioni anangoja mtu amwambie, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu mimi ndiye ninayekagua na mimi nilimwonea haya mzee wa watu, nikawa narudia vioo vyake mwenyewe kwa tambara langu, nikadhani amechoka tu. Miaka mitatu, Bisibisi, tunafichana kwenye korido moja.

Nilimuuliza kama amemwambia mtu. Akasema hapana. Nikamuuliza kama anataka kumwambia meneja. Akasema anataka, miguu ndiyo haitaki.

Basi nikavua aproni, tukapanda lifti. Mbele ya mlango wa meneja akasimama, akaniuliza kama kola yake imekaa sawa. Ilikuwa imepinda. Nikamnyooshea, nikagonga mimi.

Shangazi yako